Usanifu wa kihandisi ni nini, na unafundishwaje kwa mtoto anayehama shule msimu hadi msimu

Usanifu wa kihandisi ni njia ya kutatua tatizo kwa kuanza na masharti yake. Kabla ya kugusa kifaa chochote, mwanafunzi anajiuliza: kitu hiki kinatakiwa kifanye kazi gani, kwa kiwango gani kinachopimika, na tumebanwa na nini? Jibu la swali la kwanza na la pili huitwa vigezo. La tatu ni vikwazo, yaani muda, vifaa, fedha, uzito, usalama. Baada ya hapo ndipo hubuniwa njia kadhaa, zikalinganishwa, kikatengenezwa kielelezo, kikajaribiwa, kikarekebishwa, kikajaribiwa tena. Darasa linaloruka vigezo na vikwazo na kuingia moja kwa moja kwenye kukata maboksi na kupaka gundi linafanya kazi za mikono. Si vibaya, ila si usanifu.

Sayansi na usanifu hufundishwa pamoja kwa sababu kila kimoja kinamhitaji mwenzake. Mwanasayansi anauliza kwa nini maji yaliyoachwa juani yanapata joto. Mhandisi anauliza afanye nini ili yakae baridi hadi mchana.

Nchini Marekani, viwango vya sayansi vya mwaka 2013 vijulikanavyo kama NGSS viliuingiza usanifu katika somo la sayansi kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari, vikiugawa katika mambo matatu: kufafanua tatizo, kubuni suluhisho na kuliboresha. California na Washington zilivipokea. Texas na Florida hazikuvipokea. Zinafuata viwango vyao. Kwa mtoto aliyekaa shule moja miaka yote, tofauti hiyo haina uzito. Kwa mtoto wa kibarua wa mashambani ni jambo la kila mwaka.

Sheria ya Marekani inamtambua mwanafunzi wa namna hiyo. Mpango wa elimu kwa watoto wanaohamahama uliongezwa mwaka 1966 katika sheria kuu ya elimu ya 1965, na unahudumia wenye umri wa miaka 3 hadi 21. Anayehusika ni yule aliyehama kutoka wilaya moja ya shule hadi nyingine ndani ya miezi 36 iliyopita, ama yeye mwenyewe akifuata kibarua cha kilimo au uvuvi, ama akimfuata mzazi au mwenzi anayefanya kazi hiyo. Uraia hauulizwi hapo. Wengi wakisikia neno “mhamiaji” huwaza mtu aliyevuka mpaka, kumbe mtoto aliyezaliwa Texas akamfuata mama yake kuvuna matofaa Washington naye yumo.

Tuchukue safari hiyohiyo. Bonde la Rio Grande, kusini mwa Texas, liko karibu na Ghuba ya Mexico na hewa yake ina unyevu mwingi. Bonde la Yakima, Washington, ni kavu. Mwalimu wa Texas anawapa wanafunzi tatizo la kutengeneza chombo cha kutunza maji ya kunywa ya mtu anayefanya kazi juani. Si tatizo la kubuni tu kwa ajili ya darasa. Kanuni ya California ya mwaka 2005 kuhusu kazi za nje wakati wa joto inamtaka mwajiri aweke maji safi yenye ubaridi wa kutosha, robo galoni kwa kila mfanyakazi kwa kila saa, ambayo ni karibu lita moja. Wanafunzi wanaandika kigezo: lita moja ya maji yenye nyuzi 5 za Selsiasi isivuke nyuzi 15 baada ya saa mbili juani. Vikwazo: kibebeke kwa mkono mmoja, kioshwe, kitumie vifaa vilivyomo darasani.

Hapa ndipo mtandao unapoingia, na kwa maoni yangu usiingie mapema kuliko hapa. PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2001, unatoa bure majaribio ya kuigizwa kwenye skrini. Katika lile linalohusu aina za nishati, mwanafunzi anapasha pande la chuma, analigusanisha na maji, anaweka vipimajoto, kisha anawasha alama zinazoonyesha nishati ikitoka kwenye cha moto kwenda kwenye cha baridi. Watoto wengi, na watu wazima pia, huamini kwamba baridi ndiyo inayovuja nje ya chombo. Wakiziona alama zikielekea upande mmoja tu wanaanza kuandika vingine: joto linaingia, kwa hiyo kazi ya chombo ni kulichelewesha. Sentensi hiyo inabadilisha uchaguzi wa vifaa.

Kundi moja linazungushia chupa karatasi ya alumini na sponji. Jingine linaifunga kwa kitambaa kilichoroweshwa, likitegemea maji ya kitambaa yachukue joto yanapokauka. Texas, kitambaa kinaweza kushindwa, maana hewa iliyojaa unyevu haikaushi upesi. Sasa mmoja wao anahamia Yakima. Kigezo ni kilekile, mazingira yamegeuka, na kitambaa kilichoshindwa kina nafasi ya kushinda. Anachokifanya hapo ndiyo maana hasa ya kuboresha: kurudia jaribio kwa kubadili kitu kimoja na kueleza kwa nini matokeo si yale ya awali. Mwenzake aliyebaki Texas hakuipata nafasi hiyo.

Zana za mtandaoni zina mtego wake. Ukimwacha mtoto na skrini, atavutavuta vitufe mpaka namba zipendeze, kisha aseme amemaliza. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kila kubonyeza aandike anachotarajia na sababu yake. Kuna pia suala la lugha. PhET imetafsiriwa katika lugha nyingi, Kihispania kikiwemo, lakini familia kadhaa za vibarua zimetoka Oaxaca, Mexico, na nyumbani huzungumza Mixteco au Triqui. Kihispania kwao ni lugha ya pili. Tafsiri haimalizi kazi. Michoro, vipimo na kielelezo cha kushikwa mkononi huwasaidia zaidi kuliko maelekezo marefu, na huwapa kitu cha kuonyesha kwa kidole wakati maneno bado hayajafika. Intaneti nayo haipatikani katika kila kambi ya vibarua, kwa hiyo majaribio yapakuliwe shuleni ili yafanye kazi bila mtandao.

Linalosahaulika zaidi ni kumbukumbu. Majimbo hubadilishana taarifa za wanafunzi hawa kupitia mfumo wa taifa uitwao MSIX, unaobeba mambo kama shule alizosoma, masomo aliyochukua, matokeo ya mitihani na chanjo. Mchoro wa chombo chake na sababu ya kitambaa kushindwa havimo. Wala havimo PhET, kwa kuwa mtu huitumia bila kufungua akaunti. Njia iliyobaki ni daftari la usanifu, la karatasi au la kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ambalo ni mali ya mwanafunzi na huondoka naye. Ukurasa wa kwanza uwe na vigezo na vikwazo, zinazofuata ziwe na majaribio yenye tarehe, mahali na vipimo, pamoja na lile ambalo angelijaribu kama angebaki wiki moja zaidi. Mwalimu wa Yakima akiusoma mstari huo wa mwisho, hana haja ya kuuliza Texas walifikia sura ya ngapi.