Dhamana si hukumu

Mtu anakamatwa leo, kesho anaonekana mtaani, na watu wanahitimisha: "Kesi imezimwa, kahonga." Rushwa ipo, hilo hatubishi. Lakini kutoka kwa dhamana hakuthibitishi rushwa, wala hakufuti shtaka.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, unamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe kisheria. Ibara ya 9 inasema kumweka mahabusu anayesubiri kesi kusiwe kanuni ya jumla. Anaweza kuachiwa kwa masharti ya kuhakikisha anarudi mahakamani. Kwa kawaida masharti ni wadhamini, kukabidhi pasipoti, kuripoti polisi kwa siku zilizopangwa na kutowasogelea mashahidi.

Akikosa kufika bila sababu ya msingi, mahakama hutoa hati ya kumkamata, na mdhamini anaweza kudaiwa fedha alizoahidi. Wengi husaini bila kusoma kipengele hicho.

Mlalamikaji naye asiache kufuatilia. Chukua namba ya kesi na tarehe inayofuata, uulize kama ni ya kutajwa (kupanga hatua inayofuata tu) au ya kusikilizwa (mashahidi kutoa ushahidi). Ukitishwa, andika siku, mahali na maneno yaliyosemwa, kisha umpelekee mwendesha mashtaka: anaweza kuomba dhamana ifutwe.

Dhuluma ya kweli mara nyingi iko kwingine: kiasi kikubwa mno cha dhamana kinachomwacha maskini ndani kwa kosa dogo. Huyo ana haki ya kuomba masharti yapunguzwe.