Mchanga mweusi na dhahabu ya unga

Mchanga mweusi ni masalio mazito yanayobaki ndani ya karai la kuoshea dhahabu baada ya maji kuondoa udongo na mchanga wa kawaida. Sehemu yake kubwa ni madini ya chuma, hasa magnetaiti na hemataiti. Magnetaiti ni nzito kuliko maji takriban mara 5.2 na dhahabu safi mara 19.3, kwa hiyo anayeosha kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kuendelea kutikisa karai kutatosha kuitenga dhahabu.

Hakutoshi, kwa sababu kasi ya kuzama hutegemea uzito na ukubwa wa punje kwa pamoja. Kwa chembe laini kama unga, punje ya magnetaiti yenye upana wa mara mbili ya ile ya dhahabu huzama kwa kasi karibu ileile, na hapo maji hayawezi tena kuzitofautisha. Ndiyo maana naithamini hatua ya kuchekecha kuliko zote, ingawa wengi huiruka: punje zikishalingana ukubwa, na kila fungu likaoshwa peke yake, uzito ndio unaobaki kuamua.

Kisha hufuata sumaku, iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kupitishwa juu ya mchanga uliokaushwa na kutandazwa. Magnetaiti hurukia plastiki na kusimama kama nywele za brashi. Ukiitoa sumaku mfukoni, magnetaiti inaanguka. Kwa kuwa vishada hivyo hunasa chembe za dhahabu, vitandazwe na kupitiwa tena. Hemataiti haivutwi vya kutosha, hivyo hurudishwa karaini kwa maji kidogo na mtikiso mdogo, mpaka mstari mwembamba wa njano ujitokeze nyuma ya weusi. Dhahabu bapa kama magamba huweza kuelea. Tone la sabuni ya maji huizamisha.

Chunya, mkoani Mbeya nchini Tanzania, ambako dhahabu ya eneo la Lupa iliwavuta watu wengi miaka ya 1930, na kwenye machimbo mengine ya wachimbaji wadogo, kazi hii hufanywa kwa zebaki, ambayo hukamata dhahabu kisha huchomwa. Mvuke wake hudhuru neva na figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi hayo. Anayeosha kilo chache kwa kujifurahisha hana sababu yoyote ya kuigusa zebaki. Mchanga uliokataa kutengana auweke koponi, na ukishakusanyika wa kutosha auchekeche upya kwa chekeche lenye matundu madogo zaidi.