António Silva: kitasa wa miaka 18 na mzee aliyesimama kando yake

Vijana ninaowafundisha huniletea vipande vya video vya António Silva wa Benfica ya Ureno, karibu vyote vya msimu wa 2022/23. Anapanda na mpira, anapiga pasi ya kupasua safu ya viungo, anaruka na kufunga kwa kichwa dhidi ya Juventus. Mimi huisimamisha video kabla mpira haujamfikia, kisha nawauliza: Otamendi, beki mwenzake, yuko wapi?

Wananiona mkorofi. Lakini kitasa, yaani beki wa kati, ni nusu ya kitu. Ukimkata mwenzake kwenye picha, hujui tena unachokitazama.

Silva alizaliwa Viseu, Oktoba 31, 2003, na soka akalisomea Seixal, ng'ambo ya mto Tejo ukitokea Lisbon, kwenye akademi ya Benfica. Aprili 2022 alikuwa kwenye kikosi cha vijana kilichoipiga Salzburg 6-0 katika fainali ya Ligi ya Vijana ya UEFA. Benfica walikuwa wameshapoteza fainali tatu za mashindano hayo. Miezi minne baadaye, Agosti 27, akaanza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ugenini kwa Boavista, wakashinda 3-0. Nafasi ilikuja kama inavyowajia mabeki wengi chipukizi: wakubwa walikuwa majeruhi. Tofauti ni kwamba wakubwa walipopona, walimkuta bado yupo.

Sasa tazama kazi aliyopewa. Kocha Roger Schmidt alitaka timu ibane juu, mabeki wasogee karibu na mstari wa kati, nyuma yao libaki shamba. Nicolás Otamendi, mwenye miaka 34 wakati huo, ni beki wa kutoka: akimwona mshambuliaji anapokea mpira kwa mgongo, anamfuata mpaka amguse. Akitoka, lazima abaki mtu wa kufagia. Huyo alikuwa kijana wa miaka 18, na alifagia kwa macho kuliko kwa miguu. Anasimama kiubavu, nusu ya mwili imeshaelekea golini kwake, kwa hiyo pasi ndefu inapopigwa yeye ameshaanza safari. Mbio zake si za kutisha. Anawahi tu kuondoka.

Kwa mpangilio huo Benfica walitoka sare ya 1-1 mara mbili na PSG ya Mbappé na Neymar, wakamaliza vinara wa kundi. Bao lile la Juventus, mechi iliyoisha 4-3, alilifunga siku sita kabla ya kutimiza miaka 19. Desemba akaichezea Ureno Kombe la Dunia dhidi ya Korea Kusini, pembeni yake yuko Pepe, mwenye miaka 39. Walifungwa 2-1, sawa, ila ona tena aliyewekwa kando yake. Mei 2023 akawa bingwa wa Ureno.

Halafu zikaja siku nyingine. Septemba 2023, dhidi ya Salzburg tena, dakika ya 13 tu: mpira unaelekea golini, mkono unaondoka, penalti na kadi nyekundu. Juni 2024 kwenye Euro, dhidi ya Georgia, pasi yake mbovu dakika ya pili ikanaswa, Kvaratskhelia akakimbia nayo na kufunga. Kipindi cha pili akasababisha penalti, Ureno wakalala 2-0. Mitandaoni wakamzika.

Mimi ile pasi nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Ni pasi ile ile ya 2022: anapokea, anajiamini, anaachia bila haraka. Ila siku hiyo Pepe na Rúben Dias walikuwa wamepumzishwa, na mabeki walikuwa watatu, si wawili. Simtetei. Kosa ni lake, na beki anayecheza pasi dakika ya pili bila kuangalia pembeni kwanza atalipia popote alipo. Lakini anayesema kipaji kiliisha anafikiri kilikuwa cha mtu mmoja tangu mwanzo.

Msimu uliofuata Tomás Araújo akamnyang'anya namba pale Benfica, naye ni zao la Seixal. Silva akakaa benchi, kisha akarudi. Kwangu miezi ile ya benchi ndiyo sehemu nzuri ya hadithi yake, ingawa hakuna anayeikatia video.

Juzi kijana mmoja, namba tano wangu, alinijibu kabla sijauliza. "Mwalimu, Otamendi ametoka, amemfuata namba kumi." Nikaiachia video iendelee.