Bomba linalopanda si bomba la mlalo lililoinuliwa

Fomula nyingi za kukadiria mtiririko wa mchanga na maji zilitokana na majaribio ya mabomba ya mlalo. Bomba likiinama, mambo hubadilika kuliko wengi wanavyodhani.

Dhana: Chukua upotevu wa presha wa bomba la mlalo, jumlisha uzito wa maji kulingana na kimo, kazi imekwisha.

Haijaisha. Kinachopandishwa ni mchanganyiko, si maji matupu. Tuseme mchanga wa kwatzi, wenye kilo 2,650 kwa mita ya ujazo, umechukua asilimia 20 ya nafasi ndani ya bomba. Mchanganyiko huo una kilo 1,330 kwa mita ya ujazo. Bomba likipanda kwa nyuzi 30, uzito pekee hula paskali 6,520 hivi kwa kila mita ya bomba. Maji matupu yangekula 4,905. Sasa andika mkolezo (sehemu ya nafasi iliyochukuliwa na mchanga) wa asilimia 15 badala ya 20: umepoteza paskali 400 kwa mita, kiasi kinachokaribia msuguano wote wa maji yaendayo mita 3 kwa sekunde kwenye bomba laini la milimita 150! Ubaya ni kwamba kosa hili hujificha kwenye hesabu ya msuguano, na mtu huishia kurekebisha sehemu ya modeli isiyo na tatizo.

Msuguano wenyewe nao hubadilika. Mwaka 1955 watafiti Worster na Denny walipendekeza ule upotevu wa ziada unaoletwa na chembe uzidishwe kwa kosaini ya pembe ya mwinamo, maana bomba likiinuka, chembe huukandamiza ukuta wa chini kwa nguvu ndogo zaidi.

Dhana: Mkolezo unaopimwa mdomoni mwa bomba ndio uliomo ndani.

Katika kupanda, chembe huachwa nyuma na maji, hivyo ndani huwa na mchanga mwingi kuliko unaotoka. Modeli inayotumia namba moja kwa yote mawili hukosea tangu mwanzo.

Dhana: Kadiri mwinamo unavyokaribia wima, ndivyo mchanga unavyotuama kirahisi.

Watafiti Wilson na Tse walionyesha mwaka 1984 kwamba kasi inayohitajika kuzuia mchanga usitulie huongezeka bomba linapoanza kupanda, hufika kilele karibu na nyuzi 30, kisha hupungua. Katika mwinamo huo uzito bado unalaza tabaka la mchanga ukutani, na wakati huohuo unalivuta lirudi nyuma. Bomba la wima halina ukuta wa chini wa kulazia tabaka.

Dhana: Sehemu inayoshuka haina hatari.

Pampu ikifanya kazi, ni kweli kwa kiasi kikubwa. Ikizimwa, mchanga hutua, na mteremko ukiwa mkali tabaka huporomoka hadi kwenye kona ya chini na kuziba bomba. Ndiyo maana wabunifu wa mabomba marefu huweka kikomo cha mteremko tangu wanapochora njia. Modeli ya mtiririko usiobadilika haitakuonyesha hatari hii, kwani ndani yake pampu haizimwi kamwe. Hesabu ya kuzima na kuwasha ifanywe peke yake.