Kwa nini Tomcat ya apt hutawanyika kwenye diski?

Ukipakua Tomcat (seva ya kuendesha programu za wavuti za Java) kwa mkono na kuifungua, unapata folda moja yenye kila kitu: bin, conf, lib, logs, webapps. Ukiisakinisha kwenye Debian 12, moja ya mifumo ya Linux, kwa apt, zana yake ya kusakinisha vifurushi vya programu (amri ni `apt install tomcat10`), vitu hivyo hivyo unavikuta sehemu nne au tano. Kwa nini?

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa kwamba watu wa Debian wameivuruga. Niliingia /usr/share/tomcat10, sikuona webapps, nikaamini usakinishaji umekatika njiani. Nikaiunda folda hiyo mwenyewe, nikatia faili langu la WAR (programu ya wavuti iliyofungashwa), nikawasha seva upya mara tatu. Kivinjari: 404, 404, 404, yaani ukurasa haupatikani. Nikakilaumu kifurushi, kumbe nilikuwa nabisha hodi nyumba siyo.

Webapps ilikuwepo, ndani ya /var/lib/tomcat10. Na mgawanyo huo hata si ubunifu wa Debian. Tomcat yenyewe ina anwani mbili: CATALINA_HOME, inakokaa programu, na CATALINA_BASE, zinakokaa kazi zako. Ukiipakua kwa mkono, zote mbili huelekea folda moja, ndiyo maana wengi hatujui kama ni mbili.

Fikiria kitabu cha kiada na daftari. Kitabu huchapwa na mwingine. Toleo jipya likitoka, la zamani huondoka pamoja na majibu uliyoyaandika pembezoni. Daftari mchapishaji haligusi. /usr/share ndiyo kitabu: apt ikileta kiraka cha usalama, huandika juu ya mafaili yake bila kukuuliza. /var/lib ndiyo daftari.

Kinachonifurahisha zaidi ni /etc/tomcat10, ambayo ni kitabu cha mazoezi: maswali yao, majibu yako. Faili la server.xml, lenye mipangilio ya seva, wamelitunga wao, lakini poti 8080 unaibadilisha wewe. Mfumo wa vifurushi hutunza alama ya faili lilivyokuja. Kama hujaligusa, hulibadilisha kimyakimya. Kama umeligusa nao pia wamelibadilisha, husimama na kukuuliza libaki lipi.

Andika `ls -l /var/lib/tomcat10` uone mzaha wenyewe: conf ni kiungo cha kwenda /etc/tomcat10, logs cha kwenda /var/log/tomcat10, work cha kwenda /var/cache/tomcat10. Ile folda moja ya mwanzo imejengwa upya, kwa viungo.

Haya ni ya Debian na jamaa zake. Fedora hupanga kwa mtindo wake, kwa hiyo usinakili njia hizi kichwakichwa.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kwenye Debian, systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo) huiruhusu Tomcat kuandika mahali pachache tu, kama webapps na logi zake. Programu yako ikitaka kuhifadhi picha kwingineko, itaambiwa diski ni ya kusoma tu, hata ukiipa folda hiyo chmod 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu. Ruhusa ya systemd huongezwa kwa mpangilio wake uitwao ReadWritePaths, kupitia `systemctl edit tomcat10`.