Hesabu Nayo Hukosea: Dhana Potofu Kuhusu Akili Mnemba kwa Wagonjwa Mahututi

Kauli ninayoisikia kuliko zote hapa Malindi, kutoka kwa jamaa za wagonjwa na, jambo linaloniudhi zaidi, kutoka kwa matabibu na madaktari vijana wanaoshika zamu katika chumba cha wagonjwa mahututi, ni kwamba akili mnemba (AI), yaani programu za kompyuta zinazotabiri hali ya mgonjwa na kushauri matibabu, ni hesabu tupu, na kwa kuwa hesabu haimbagui Mgiriama, Mbajuni wala Mmarekani, basi jibu lake ni sahihi popote lilipo. "Daktari mwanangu, mbona wabishana na kompyuta?" huniuliza wazee, na kwao naweza kuvumilia. Kwa mtu aliyesomea udaktari siwezi.

Mifumo hii haikufundishwa kanuni za ugonjwa. Ilipewa kumbukumbu za wagonjwa wa zamani, ikatafuta ndani yake yanayojirudia, na kwa hiyo inachokijua ni wagonjwa wale, hospitali ile na namna walivyotibiwa pale. Mwaka 2018 jarida la Nature Medicine lilichapisha mfumo uliojifunza kuchagua kiasi cha maji ya dripu na dawa za kupandisha presha kwa wagonjwa wa sepsisi, yaani hali ambayo mwili ukipambana na maambukizi huishia kuviumiza viungo vyake wenyewe. Hifadhi ya data uliyojifunzia, MIMIC-III, ilikusanywa kati ya 2001 na 2012 katika hospitali moja ya Boston, Beth Israel Deaconess. Ni kazi ya kuheshimika, na hifadhi yenyewe imefunguliwa kwa watafiti wa dunia nzima. Hata hivyo, malaria kali ni nadra katika mafaili hayo, na hamna mgonjwa aliyetoka Faza, kisiwani Pate, kwa boti hadi Mokowe, akapakiwa garini kupitia Witu na Garsen, akatufikia siku ya nne ya homa akiwa ameshameza dawa za dukani zisizoandikwa popote. Kumbukumbu zake zinaanza mlangoni kwetu. Mashine huihesabu presha ya saa hiyo kama mwanzo wa ugonjwa, ilhali sisi tunajua kwamba tumemkuta karibu na mwisho wake.

Anayedhani kwamba tofauti ya mahali ni jambo dogo na asome utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ambao Kilifi, makao makuu ya kaunti yetu hii, ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Wakati huo miongozo mingi ilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni apewe maji mengi ya mishipa kwa haraka. Watafiti waliwafuatilia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka, asilimia 10.6 na 10.5 walifariki ndani ya saa 48; katika kundi ambalo halikupewa, asilimia 7.3. Mwaka 2017 utafiti wa Lusaka kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya ukimwi, ulionyesha jambo la kufanana: waliotibiwa kwa utaratibu wa maji na dawa za presha mapema walifariki asilimia 48.1, na waliopata matibabu ya kawaida asilimia 33. Kule ambako mgonjwa akijaa maji mapafuni huwekwa kwenye ventileta, mashine ya kupumulia, dakika hiyo hiyo, hasara ya maji mengi huenda isionekane katika data kama inavyoonekana hapa, na mashine haiwezi kujifunza hasara isiyoandikwa. Kwa haki, mfumo wa 2018 ulielekea kupendekeza maji machache kuliko waliyotoa madaktari wa Marekani. Hoja yangu si upande ulioelekea; ni kwamba ulifika huko bila kumwona mgonjwa wetu hata mmoja.

Kisha kuna kipimo chenyewe kinachoilisha mashine. Desemba 2020, katika jarida la New England Journal of Medicine, watafiti wa Marekani walilinganisha kipima oksijeni cha kidoleni na kipimo cha damu ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Kipima kilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ya damu ilikuwa chini ya asilimia 88 katika vipimo 11.7 kwa kila 100 vya wagonjwa weusi, na 3.6 kwa kila 100 vya wagonjwa weupe. Mfumo unaopokea namba hiyo hauna njia ya kujua kwamba umedanganywa, na ukokotoe vizuri namna gani, jibu lake litabeba uongo ule ule. Nyongezeni mambo yetu ya pwani: piko nyeusi kwenye kucha za bibi harusi au mama wa watu inaweza kuvuruga kipimo au kukizuia kabisa. Hamishieni kipima sikioni, na mgonjwa akiwa na dalili za kukosa hewa tumeni damu ya ateri maabara, hata monita ikionyesha 95.

Hata mashine iliyofundishwa kwa data ya nyumbani hupotoka. Wataalamu wa fani hii wanaukumbuka mfumo wa Marekani wa miaka ya 1990 uliojifunza kwamba mgonjwa wa nimonia mwenye pumu ana hatari ndogo ya kufa. Hesabu ilikuwa sawa: wenye pumu walipelekwa moja kwa moja chumba cha mahututi, wakapona kwa sababu ya uangalizi huo. Mfumo ungelitumika kuamua nani arudishwe nyumbani, ungewarudisha hao hao.

Kwa hiyo nashikilia mambo mawili mpaka vijana wangu wananung'unika. La kwanza, mfumo wowote unaoletwa uendeshwe kimya kwanza kwa miezi kadhaa, ukitoa majibu yasiyoonyeshwa wodini, kisha majibu hayo yalinganishwe na yaliyowapata wagonjwa wetu wenyewe. Nahodha anayeujua Mkanda, ule mlango wa bahari wa Lamu, usiku na mchana hapewi usukani wa meli bandarini Mombasa kwa ujuzi huo peke yake. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo aondoke na bidhaa yake. La pili, daktari aandike maoni yake katika faili kabla ya kutazama jibu la mashine, kwa sababu akishaliona, macho yake huanza kutafuta ushahidi wa kuliunga mkono. Zinazofuata ni kauli nyingine ninazozisikia, na majibu yangu.

"Kengele haikulia, kwa hiyo yuko salama"

Hapana. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliupima mfumo wa kutambua sepsisi wa Epic, kampuni ya programu za hospitali, ambao ulikuwa ukitumiwa na mamia ya hospitali. Uliwakosa asilimia 67 ya wagonjwa wenye sepsisi, na papo hapo ulitoa tahadhari kwa asilimia 18 ya waliolazwa wote. Ulikosa wengi, ukasumbua wengi. Muuguzi anayeona kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili amebadilika, anapumua upesi na miguu imepoa hadi magotini, hahitaji ruhusa ya skrini ili aniite.

"Imesema asilimia 80 atafariki, tumwondoe mashine?"

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na mara nyingi linatoka kwenye simu ambayo kijana wa familia ameingiza majibu ya maabara. Asilimia 80 maana yake ni kwamba katika kila wagonjwa 100 waliofanana na huyu kwenye data ile, takriban 80 walifariki. Haisemi huyu yumo kati ya 80 au kati ya 20. Zaidi ya hayo, katika data hizo wapo waliofariki kwa sababu familia na madaktari waliamua kusitisha matibabu. Mashine hujifunza uamuzi wa watu ikidhani ni mwendo wa ugonjwa, kisha huurudisha kwa familia nyingine kama utabiri.

"Ventileta za kisasa zinajiendesha kwa akili mnemba"

Ventileta zinazojirekebisha zimekuwepo miaka mingi. Nyingi hufuata milinganyo ya upumuaji iliyoandikwa na watu, ndani ya mipaka iliyowekwa na daktari au muuguzi, na hazijifunzi chochote kutoka kwa mgonjwa wa jana. Mipaka ikiwekwa vibaya, zitaifuata hivyo hivyo.

"Basi ipigwe marufuku"

Wenye kusema hivi huwa wamenisikiliza nusu. Mfumo wa TREWS, wa kutambua sepsisi mapema, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani ulifuatiliwa katika hospitali tano, na matokeo yalichapishwa 2022: wagonjwa wa sepsisi ambao mhudumu alithibitisha tahadhari yao ndani ya saa tatu walikuwa na vifo pungufu kwa pointi 3.3 za asilimia kuliko wale ambao tahadhari yao haikushughulikiwa mapema. Haukuwa utafiti wa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tuupokee kwa uangalifu, lakini faida ilionekana pale alipokuwepo mtu wa kuitikia upesi. Hospitali yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa sita mahututi iajiri wauguzi kabla ya kununua tahadhari.

"Nimeficha jina, kwa hiyo naweza kutuma picha ya faili kwa programu ya akili mnemba"

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na jina si kitambulisho pekee. Ukiandika kwamba ni mama wa miaka 62, mgonjwa wa figo, aliyeletwa kutoka Pate Jumanne, nusu ya kisiwa imeshajua ni nani. Picha za monita nazo mara nyingi huwa na namba ya mgonjwa pembeni. Familia inayotaka maoni ya pili iombe muhtasari wa matibabu kwa daktari wa zamu, naye aandike na uzito wa mgonjwa, dawa anazopewa sasa na saa alipougua, kwa kuwa bila hayo hata daktari bingwa wa Mombasa atakayeupokea atakuwa anakisia.