Kano ya maabara isipovutwa haiwi kano

Watu wakisikia tunakuza kano maabara swali la kwanza huwa mnatumia seli gani na dawa gani za kukuzia, sawa, hayo yana umuhimu wake, ila mi siku hizi naanzia kwenye mvuto, yani kano kuvutwa na kunyooshwa. Kano kazi yake ni kupeleka nguvu ya msuli kwenye mfupa. Hii ya kisigino, ya Achilles, ukikimbia inabeba mzigo hata mara 6 ya uzito wako na zaidi, kila hatua. Ikikatika mwili unaiziba kwa kovu lenye nyuzi zilizokaa shaghalabaghala, damu nayo huko inafika kidogo, kwa hiyo kupona ni miezi na mara nyingi uimara wa mwanzo haurudi.

Sasa chukua seli za kano, changanya na jeli ya kolajeni, ile protini inayounda nyuzi za kano, iache ielee tu kwenye sahani. Seli zitaivuta jeli mpaka isinyae iwe kidonge, nyuzi zinaangalia kila upande. Jeli ileile ukiishikiza kwenye nguzo mbili, seli zikivuta zinakuta kuna kitu kinazizuia, basi zinarefuka, zinajipanga kufuata mstari wa mvuto na kolajeni inalala upande huohuo. Hapo hujaongeza dawa yoyote na wala mashine haijawashwa!

Bayoriakta, yani mashine ya kukuzia tishu, inakuja baadaye, kazi yake kunyoosha na kuachia. Kiasi gani ndo kazi yenyewe. Mwilini kano inanyooka asilimia chache tu, ikikaribia 8 mpaka 10 inaanza kuchanika, kwa hiyo maabara wengi tunakaa kati ya asilimia 2 na 6, kama mara moja kwa sekunde hivi. Ukizidisha, seli shina za kano, zile ambazo bado zinaweza kugeuka seli za aina tofauti, zinaweza kupotea njia zikaelekea kuwa mfupa, gegedu au mafuta. Ukiacha kabisa kuvuta nako ni balaa, maana seli zinaanza kutoa vimeng'enya vya kukata kolajeni, yani kano inajila yenyewe, na hili limeonekana wazi kwenye kano za mkia wa panya zilizoachwa bila mzigo.

Seli zinajuaje kama zinavutwa? Kuna integrini, protini za kwenye utando wa seli, zimeshika kolajeni kwa nje na kwa ndani zimeshika aktini, nyuzi zinazoipa seli umbo. Kuna pia Piezo1, mlango kwenye utando wa seli unaofunguka utando ukikazwa, kalsiamu inaingia. Ardem Patapoutian aliyeongoza ugunduzi wake alipata Nobel mwaka 2021, na alistahili kabisa.

Ila kinachonisisimua zaidi ni mapumziko. Timu ya Keith Baar wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikuza ligamenti, zile zinazounganisha mfupa kwa mfupa, wakaona seli zikinyooshwa kama dakika 10 zinakuwa zimeshaitikia, ukiendelea hazisikii tena, na zinahitaji kama masaa 6 ndo ziweze kuitikia upya. Wakapanga ratiba hiyohiyo, dakika 10 kazi, masaa 6 kupumzika, na kolajeni ikaongezeka. Watu wengi bado wanaacha mashine inyooshe masaa na masaa wakidhani mvuto mwingi ndo kano imara. Mimi nikisoma ripoti nikakuta wameandika asilimia na kasi tu bila kusema seli zilipumzika muda gani, naona nusu ya kipimo haipo.